Rugilė Akataa Kumi na Nane

Sehemu ya kumi na moja

Mlango wa chumba cha mtihani umefunguka, na aliyesimama pale ni nani?

Siku ya Jumanne, mmoja wenu alinikamata sokoni, akaushika mkono wangu wenye kikapu na kuapa haniachii mpaka nimwambie. Sikumwambia. Nilimwachia nyanya zangu nikaondoka. Leo nawaambieni wote kwa pamoja.

Ni Mama!

Mama mwenyewe, Birutė, ametoka Kaunas, Lithuania. Amevaa koti la mvua katika joto hili la Julai la Ferrara, jasho linamtiririka hadi kidevuni, na kifuani amekumbatia boksi refu kama bomba la moshi.

Kwa aliyeungana nasi leo: Rugilė ni binti aliyekuja hapa Ferrara kusoma historia ya sanaa kwa muhula mmoja. Muhula umekwisha, na Jumamosi anapanda ndege kurudi kwao. Mtihani wa Profesa Malaguti aliufeli mwezi Juni, lakini akamwambia mama yake kwenye simu kwamba ameupata kwa alama ishirini na saba. Leo anaurudia, kwa mdomo, mbele ya kila mwenye kutaka kusikiliza. Na kila mwenye kutaka amekuja.

"Mama! Umefikaje hapa?" Rugilė aliuliza kwa Kilithuania.

"Kwa ndege. Ulitaka nije na punda?"

"Nasema hapa. Chumba hiki. Saa hii."

"Kuuliza si ujinga. Nimeuliza."

"Umeuliza kwa lugha gani?"

Mama akajifanya hakusikia. Alikuwa anaangalia viti vilivyojaa vijana. "Na hawa wote wanafanya nini?"

Uongo ukizoea kinywa, hautafuti njia. "Ni... ni hafla fupi, Mama. Profesa anawaaga wanafunzi wa kigeni. Anawauliza maswali mawili matatu ya kirafiki."

"Ya kirafiki? Mbona yule msichana pale dirishani analia?"

"Uchungu wa kuagana."

"Maskini. Wana mioyo laini watu wa huku." Mama akaketi safu ya mbele kabisa, boksi mapajani, uso umemng'aa kama mama wa bi harusi.

Nevio akainama kutoka kiti cha nyuma. Huyu ni mwanafunzi pia, mpwa wa Bi Argia, yule mama ambaye Rugilė amepanga nyumbani kwake. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli huku ameshika mwavuli. Hawajaambiana neno la mapenzi hata moja. Mji mzima unajua kwamba wanapendana, isipokuwa wao.

"Ingia kinywani mwa mbwa mwitu," alimnong'oneza, maana ndivyo tunavyotakiana heri.

"Na afe!" Rugilė alijibu, maana ndivyo inavyojibiwa.

"Mimi natoka mbio, nina shughuli mjini isiyongoja. Tutaonana mezani kwa shangazi." Akachomoka, na baiskeli yake ikasikika ikigongagonga mawe ya uchochoroni.

"Binti Rugilė," ikaita sauti ya mbele.

Profesa Corrado Malaguti ni mtu mwembamba mwenye ndevu za kijivu na sifa ya kutomwonea mtu haya. Lakini leo miwani ilikuwa inamsumbua. Aliivua, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Yule bibi ni nani?"

"Ni mama yangu, Profesa."

"Anaelewa Kiitaliano?"

"Hata neno moja."

"Vizuri," Profesa alisema. Kisha akakohoa. "Yaani, pole. Keti. Tuanze. Chumba cha Miezi katika jumba la Schifanoia. Nani aliagiza kuta zake zichorwe miezi kumi na miwili?"

"Ercole!"

Profesa akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Borso! Borso, Profesa, nimekusudia kaka yake, Borso!"

"Umeteleza ulimi au akili?"

"Vyote viwili."

Darasa likaangua kicheko. Mama naye, kwa kuona watu wamefurahi, akapiga makofi.

"Machi iko ukuta gani?"

"Mashariki. Pamoja na Aprili na Mei."

"Na chini kabisa ya Aprili?"

Hapo Rugilė akafunguka. Alieleza zile mbio za farasi na punda, akaeleza watu wanaokimbia kwa miguu yao wenyewe mbele ya macho ya wakubwa, na wanawake waliojaa juu kwenye roshani wakitazama. Alisema kama mtu aliyekuwepo akishangilia. Hata yule msichana wa dirishani akaacha kulia asikilize.

Makofi ya Mama.

"Sasa ukuta wa kaskazini," Profesa alisema taratibu.

Rugilė akatazama dari.

"Ukuta wa kaskazini, binti."

"Upo," Rugilė alisema.

"Hilo sote tunalijua. La sivyo dari ingeanguka."

Msomaji wangu, kuna kutojua kwa kusahau, na kuna kutojua kwa kutowahi kufungua kitabu. Huku kulikuwa kwa pili. Usiku wa kusoma ukuta wa kaskazini Rugilė alikuwa anakula tikiti maji na Nevio juu ya kuta za mji.

Profesa akaweka kalamu chini. "Kumi na nane. Unakubali?"

Kumi na nane kati ya thelathini, alama ya chini kabisa ya kufaulu! Ni kuvuka mto huku nguo zote zimelowa. Lakini umevuka. Akisema "nakubali", mambo yamekwisha. Jumamosi ndege, Jumapili supu ya viazi vya Kaunas, na ule uongo wa ishirini na saba atajua namna ya kuuzika. Akisema "nakataa", itabidi aurudie Septemba. Na wa kuurudia Septemba lazima awepo Ferrara Septemba.

Akamtazama Mama. Mama akampungia mkono.

"Nakataa," Rugilė alisema.

Darasa likaguna. Mama akapiga makofi kwa nguvu kuliko mara zote.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Profesa. Nitarudi Septemba."

Profesa akaipindisha tai yake, akainyoosha. Mama alikuwa amekwisha kusimama, amefika mezani. "Amesema nini?"

"Amenipongeza."

"Na wewe umemjibu nini kwa ukali vile?"

"Nimemshukuru."

"Shukrani ya Kiitaliano inatisha," Mama alisema. Kisha, kabla Rugilė hajamzuia, akaushika mkono wa Profesa kwa mikono yake miwili, akamwonyesha mdomo, akamwonyesha tumbo, akaonyesha mlango. Chakula. Twende.

"Mama, hapana! Profesa hawaendi kula kwa wanafunzi! Huku haifanyiki! Ni aibu!"

"Mama yako anasemaje?" Profesa aliuliza.

"Anakualika chakula cha mchana. Lakini najua una kazi nyingi, na joto, na..."

"Naja," Profesa alisema. Alikuwa tayari ameshika kofia.

*

Bi Argia ni mjane wa miaka sabini na kidogo, na jikoni kwake haingii mtu bila ruhusa, hata nzi. Siku hiyo alikuwa amepika kapelachi, vile vifuko vya unga vilivyojaa boga, na mchuzi wa nyama uliochemka tangu asubuhi. Alipoona Mama na boksi, alifuta mikono. Alipoona Profesa, alivua aproni kabisa. Rugilė akamnong'oneza mlangoni kwamba amekataa alama na mtihani ataurudia Septemba.

Mama akafungua boksi. Ndani mlikuwa na keki ya kwao, ndefu kama mkono wa mtu mzima, rangi ya asali, miiba imechomoza kila upande.

Bi Argia akaizunguka mara moja. "Hii ni keki au ni mti umekauka?"

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema hajawahi kuona keki nzuri namna hii."

"Mwambie imekwenda mayai thelathini."

"Anasema samahani kwa kuleta kidogo," Rugilė alimwambia Bi Argia.

Walikaa. Pangaboi dogo juu ya kabati lilikuwa linapuliza joto kutoka upande mmoja na kulipeleka upande mwingine. Kiti cha Nevio kilikuwa kitupu. Rugilė alikaa katikati, na kazi ikaanza, maana yeye peke yake ndiye aliyejua lugha zote mbili, na hakuna aliyewahi kuzitumikisha lugha mbili kama yeye siku ile.

"Muulize mama yako," Bi Argia alisema, "kama amefurahi kwamba utarudi kwangu Septemba."

Rugilė akamgeukia Mama. "Anauliza kama unapenda boga."

"Napenda sana! Sikuamini ningelipenda hivi."

"Anasema amefurahi sana, hakuamini angefurahi hivi."

"Mtu mwema," Bi Argia alisema. "Mimi ningelia. Muulize kama hana wivu, mimi kukaa na mwanawe."

"Anauliza kama uongeze mchuzi."

"Kidogo tu. Tumbo langu si la zamani."

"Anasema kidogo tu. Umri umemfundisha."

Profesa alikuwa ameinamia sahani yake, mabega yanatikisika.

"Profesa, umepaliwa?" Bi Argia akauliza.

"Boga," Profesa alisema. "Limepita njia isiyo yake."

Mambo yalikuwa yanakwenda, msomaji wangu. Rugilė alianza hata kupata hamu ya kula. Na ndipo Mama aliponyoosha mkono kuchukua chumvi.

Profesa aliiwahi. Akaisogeza mbali, haraka, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi moyoni mwake, akasema jambo fupi kwa lugha ambayo haikuwa Kiitaliano wala Kilithuania. Rugilė hakuelewa chochote isipokuwa neno moja katikati.

Birutė.

Uma wa Rugilė ukasimama hewani. Hakuwahi kumtajia Profesa jina la mama yake. Hata siku moja!

"Kirusi!" Bi Argia akapiga meza. "Hicho ni Kirusi! Marehemu mume wangu alikwenda kukisoma kwenye darasa la jioni la chama cha kikomunisti. Alitoka na maneno matatu, amani, mkate, na komredi. Profesa, na wewe ulikuwa darasa lile?"

"Safu ya mbele," Profesa alijibu kwa sauti ndogo. "Mimi nilimaliza."

"Mama," Rugilė alisema polepole. "Amekuambia nini?"

Mama alikuwa mwekundu kama mchuzi. "Ameniambia niache chumvi. Ananikumbusha presha yangu."

"Anaijuaje presha yako?"

Mama akatazama keki. Profesa akatazama kofia yake. Bi Argia, ambaye hakuelewa neno lakini alizielewa nyuso, akazima pangaboi ili asikie vizuri.

"Tangu lini?" Rugilė aliuliza.

"Machi," Mama alisema.

Rugilė akasukuma kiti, akatoka uani.

*

Uani kwa Bi Argia kuna mtini na kamba ya nguo, na siku hiyo kamba ilikuwa na mashuka. Mama alimkuta binti yake katikati ya mashuka mawili, mikono kiunoni.

"Eleza."

"Unaongea na mama yako, Rugilė."

"Eleza, tafadhali."

"Ile siku ulipopata homa ukasahau simu darasani. Nilipiga, nikapiga, nikapiga. Mwisho akapokea mwanamume. Nikajua umetekwa. Nikamtukana kwa Kilithuania, akanijibu Kiitaliano. Nikamtukana kwa Kirusi."

"Mama!"

"Akaniomba nirudie polepole, akasema neno la tatu hakulisikia vizuri."

Rugilė aliuma mdomo ili asicheke. Hakuwa tayari kucheka.

"Lugha ile ya waliotutawala niliapa sitaitia tena kinywani," Mama aliendelea. "Unajua kwa nini, nyumbani kila mtu anajua. Lakini mlango ukiwa na ufunguo mmoja, utauvunja mlango? Akanieleza kuwa umelala kwa mwenye nyumba, simu utaipata kesho. Kesho yake nikapiga kwake kushukuru. Kesho kutwa akapiga yeye kuuliza kama nimelala vizuri. Basi."

"Kwa hiyo mwezi Juni ulijua nimefeli."

"Nilijua kabla hujashuka ngazi."

"Nikakuambia ishirini na saba, na ukanipongeza!"

"Nilikupongeza kwa ujasiri wa kutamka."

"Ukanitumia picha ya keki!"

"Tuliila na jirani. Ilikuwa tamu mno."

"Na leo umekaa pale unapiga makofi kama..."

"Nilitaka kuona utafika wapi. Umefika mbali, mwanangu. Uchungu wa kuagana!" Mama akajifuta machozi, na haikujulikana ni ya kicheko au ni jasho. Kisha uso ukatulia. "Sasa zamu yangu kuuliza. Kwa nini ulinidanganya?"

Rugilė akaushika upindo wa shuka, akaukunja, akaukunjua.

"Kwanza niliona aibu kufeli. Halafu nikagundua kwamba nikifeli nabaki. Na nikafurahi, Mama. Nilifurahi, halafu nikakukumbuka wewe kule nyumbani peke yako, ukinisubiri, ukihesabu wiki. Tangu Baba afariki umekuwa ukinisubiri mimi tu. Ningekuambiaje kwamba sitaki kurudi?"

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anavuta baiskeli yenye mnyororo mbovu.

"Unajua ninavyokula?" Mama alisema. "Napika sufuria moja ya viazi Jumatatu. Alhamisi bado nakula sufuria ile ile. Nimesimama, karibu na sinki, kwa sababu kuweka meza ya mtu mmoja ni upumbavu. Miaka tisa. Na huyu mtu kila jioni ananiuliza, umekula nini leo? Ni jambo dogo, nalijua ni dogo. Mwezi Aprili nikaanza kupika supu ya kabichi ili nipate la kumjibu."

Rugilė akaliachia shuka.

"Wiki iliyopita nikamwambia, mtoto wangu anarudia mtihani, usimfelishe tena. Akasema, 'Birutė, atapata anachostahili.' Nilimkatia simu. Nilikasirika siku mbili sikumpokea. Siku ya tatu nikakata tiketi. Mwanamume anayeogopa kudanganya hata ili kunifurahisha, lazima nimwone ana sura gani."

"Na umeonaje?"

"Amekonda. Lakini linarekebishika."

Hapo kicheko kikawashinda wote wawili. Walicheka wameshikana, na shuka moja likawaangukia, wakacheka ndani ya shuka.

Rugilė ndiye aliyetoa kichwa kwanza. Kuna kitu kilikuwa kimemrudia.

"Mama. Tiketi uliyokata ni ya kwenda na kurudi?"

Mama alianza kulikunja shuka kwa uangalifu mkubwa.

"Mama?"

"Ya kwenda," Mama alisema.

*

Jikoni Bi Argia alikuwa amekaa mbele ya Profesa, mikono kifuani, kama askari wa zamu.

"Nimemzuia asitoroke," alimwambia Rugilė. "Sasa na mimi nielezwe. Nyumba ni yangu."

Alielezwa. Aliguna mara tatu, akafanya ishara ya msalaba mara moja, kisha akamwongezea Mama kapelachi bila kuulizwa. Jikoni kwa Bi Argia hicho ndicho cheti cha uraia.

Lakini Rugilė alibaki amesimama. "Profesa. Nina swali, na nataka jibu la kweli. Ile kumi na nane ilikuwa yangu, au ulinipunguzia ili usionekane umenipendelea?"

Profesa akavua miwani, na safari hii hakuifuta.

"Nimejiuliza hilo njia nzima. Ukuta wa kaskazini hukuujua kabisa. Lakini Aprili ulinionyesha vitu ambavyo mimi nimevipita kwa miaka. Mtu mwingine labda angekupa ishirini na moja. Sijui. Na kwa kuwa sijui, sikupaswa kukaa kwenye kiti kile leo. Nilipaswa kumwachia mwenzangu. Niliogopa angeniuliza sababu, nami nisiweze kuitaja bila kuona haya kama mvulana."

"Septemba?"

"Septemba hutaketi mbele yangu. Atakutahini Profesa Tagliavini."

Bi Argia akashtuka. "Yule aliyemfelisha mtoto wa dada yake?"

"Mara mbili."

"Basi huyo ndiye ninayemtaka," Rugilė alisema. Kisha akavuta kiti, akakiweka katikati ya sakafu. "Sasa wewe, Profesa. Njoo ukae hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Mbele ya watu wote."

Profesa aliketi, kofia magotini. Rugilė akaegemea meza, akamtazama kwa juu.

"Swali la kwanza. Mama yangu anakunywa chai namna gani?"

"Ndimu, bila sukari. Isipokuwa Jumapili. Jumapili asali."

Bi Argia akaguna kwa kuridhika.

"Anaogopa nini?"

"Radi. Na kwenda kwa daktari wa meno. Radi zaidi."

"Akikasirika?"

"Anakata simu. Siku mbili."

"Sasa ukuta wa kaskazini," Rugilė alisema taratibu. "Anapenda kucheza muziki gani?"

Profesa akaizungusha kofia magotini. Akamtazama Mama, naye Mama akatazama dari, maana hata kama angeelewa asingemwonyesha.

"Anacheza?" Profesa aliuliza kwa unyonge.

"Polka, Profesa! Anacheza polka mpaka majirani wa chini wanagonga kwa ufagio! Miezi minne kwenye simu hukumuuliza hilo?" Rugilė akakunja mikono. "Kumi na nane. Unakubali?"

"Nakubali!" Profesa aliruka kutoka kitini. "Nakubali, nakubali mara moja!"

Bi Argia akacheka mpaka akalegeza mkanda. Mama akauliza nini kimetokea, na Profesa akamweleza mwenyewe, kwa Kirusi chake cha darasa la jioni, akikosea na kujirekebisha. Rugilė alikaa akawaangalia. Hakuelewa neno. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuhitaji kumtafsiria mtu chochote, na alihisi mabega yanashuka, kama mtu aliyeutua mtungi.

Moyoni alikwisha kupanga kila kitu. Tiketi ya Jumamosi ataiacha ipotee. Agosti atasoma ukuta wa kaskazini, tofali kwa tofali. Na leo hii, Nevio akiingia tu, atamwambia lile neno ambalo mji mzima unalijua. Hatangoja aanze yeye. Atalisema hapa hapa, mbele ya shangazi yake, mbele ya boga.

Mlango wa mbele ukabamizwa. Nyayo zikapanda ngazi mbili mbili.

"Nevio!" Bi Argia aliita. "Chakula kimepoa, mwana wee! Njoo uone mambo! Mama yake Rugilė anabaki Ferrara! Rugilė mwenyewe ameikataa alama, anabaki Ferrara! Nyumba imejaa, tunahitaji viti!"

Lakini Nevio alikuwa anapiga kelele zake mwenyewe, hakusikia hata neno. Aliingia jikoni shati limemganda mgongoni, nywele zimesimama, uso unawaka kwa furaha, akamshika Rugilė mabega yote mawili.

"Nimepata! Rugilė, nimepata! Sikukuambia kwa sababu niliogopa kuwa sitachaguliwa. Nimetoka ofisi ya chuo kikuu sasa hivi, nimetia sahihi. Masomo yangu ya nje ya nchi! Mwaka mzima!"

"Wapi?" Rugilė aliuliza, na sauti yake ilijua kabla yake.

"Wapi tena? Kaunas! Kwenu! Chumba changu nimekwisha kumpa mwingine, baiskeli nimeiuza. Na ndege nimekata ile ile ya Jumamosi, kiti cha pembeni yako kabisa, nilitaka nikushtukize mle mle ndani. Unashuka kwenu, na mimi nashuka kwenu!"

Mama alikuwa anamvuta Profesa mkono wa shati amtafsirie, na Profesa alikuwa hathubutu. Bi Argia alishika mwiko hewani, mchuzi ukadondoka sakafuni, tone moja, na la pili, naye hakuufuta.

Nevio akawatazama mmoja mmoja, tabasamu bado limemganda usoni.

"Mbona mmenyamaza hivyo? Kuna msiba?"